Siku Baba Alipohamia Upande wa Mishiri

Nikiikumbuka Kitale ya miaka ile, kwanza naisikia sauti ya maziwa yakigonga ndoo tupu. Mwanzoni mlio ni mkali, kama mawe madogo juu ya bati. Kisha ndoo ikianza kujaa sauti inanenepa, povu linapanda, na mvuke unapaa mbele ya uso wa baba. Asubuhi zetu zilikuwa na baridi ya kuuma vidole. Ukungu ulilala juu ya nepia, yale majani marefu ya ng'ombe, mpaka jua litoke, na mlima Elgon ungeuona tu kama ukiamua kujionyesha.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu na alikamua mwenyewe. Aliwasemesha ng'ombe wake kama darasa la nne. "Wewe, simama wima. Wewe wa nyuma, nakuona." Ng'ombe walimtii kuliko sisi watoto wake tulivyowahi kumtii. Akimaliza alimimina maziwa kwenye mtungi wa ushirika, akaufunga, akaupigapiga kifuniko kwa kiganja, mara mbili au tatu, kama mtu anayempongeza mwanafunzi.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, na shahada yangu ya uchumi ilikaa juu ya kabati ndani ya bahasha. Kazi sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni mawazo. Nikisalimiwa "niaje" barabarani nikajibu "poa," nilitembea mpaka nyumbani nikijiuliza kama nilijibu upesi mno, na kama yule mtu sasa anafikiri namdharau. Mama alikuwa akisema kwamba hata chai mimi sinywi, naichunguza.

Ndipo nikapata kibarua cha miezi michache katika ofisi ndogo ya kutetea wakulima, vyumba viwili juu ya duka la mbegu na mbolea mjini Kitale. Kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi za Kiingereza kuhusu mkataba mpya wa biashara na Ulaya, halafu kuueleza kwa Kiswahili kwenye mikutano ya wakulima.

Mkataba wenyewe ulikuwa hivi. Kwa miaka mingi nchi kama yetu, pamoja na visiwa vingi vidogo vya bahari za mbali, zilikuwa zikiuza mazao yao Ulaya bila kutozwa ushuru, huku zenyewe zikiendelea kutoza ushuru bidhaa za Ulaya. Sasa Ulaya ilisema mpango huo unafika mwisho. Anayetaka kuendelea kuuza bila ushuru na yeye afungue mlango wake.

Ni jambo la kuelezwa kwa dakika moja. Mimi lilininyima usingizi, kwa sababu lilipita katikati ya ukoo wetu.

Baba alikuwa na maziwa. Mlango ukifunguliwa, alisema, yatakuja maziwa ya unga kutoka Ulaya, ya bei ya chini kuliko ya kwake, na ushirika utaanza kurudisha mitungi ikiwa imejaa. Dada yake, ambaye sisi tulimwita senge, maana ndivyo shangazi anavyoitwa kwetu, aliishi karibu na Mabanga, upande wa Bungoma. Yeye na akina mama wenzake walikuwa wamelima mishiri, yale maharagwe mateke yanayochumwa yakiwa bado mabichi na membamba, yakapakiwa na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Mlango usipofunguliwa, mishiri ingetozwa ushuru kule, na mnunuzi wao alikuwa ameshawaambia waziwazi kwamba itabidi aende kununua kwingine. Kwa hiyo baba akipata alichotaka, senge angekosa. Senge akipata, baba angekosa. Nao walikuwa wakipendana sana, ndugu wawili waliolelewa kwa sahani moja.

Ofisi yetu ilimleta mgeni. Alikuwa mama wa makamo kutoka kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, kidogo hivi kwamba kwenye ramani jina lake lilikuwa refu kuliko chenyewe. Alikuwa akizunguka nchi kadhaa akiwasimulia wakulima yaliyowapata kwao. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuyageuza maneno yake kuwa Kiswahili, na siku moja kabla ya mkutano nilimpeleka nyumbani kwetu kunywa chai.

Nilikuwa nimehangaika na choo, na viti, na swali la kama mbwa angembwekea. Sikuhangaika na chai. Na ni chai iliyomfanya anyamaze. Alikunywa, akatazama ndani ya kikombe, akauliza, "Haya maziwa yametoka kwa ng'ombe wale pale?"

Nikamwambia baba, na baba akasimama, akamwonyesha kwa kidole. "Ile nyeusi. Mwambie ni ile nyeusi, ile inatafuna."

Yule mama akaeleza kwamba utotoni mwake kisiwani kulikuwa na watu wenye ng'ombe wa maziwa, jirani kabisa na shamba la ndizi la baba yake. Ndizi zilikwenda Ulaya, maziwa yalinywewa hapohapo. Kisha soko la ndizi likayumba kwa sababu ya kesi za biashara za mataifa makubwa, na maziwa ya kopo yakaja kwa bei ambayo hakuna mwenye ng'ombe aliyeweza kuifikia. "Siku hizi," alisema, "mjukuu wangu akichora maziwa, anachora kopo."

Nilimfasiria baba. Alimwongeza mgeni chai mpaka ikamwagika kwenye sahani.

Tangu jioni ile hadi asubuhi ya safari, baba alikuwa akitunga hotuba. Nilimsikia zizini akiwahutubia ng'ombe. Mkutano wa Mabanga ndio ungeamua wakulima wa sehemu zetu wanataka nini, na wajumbe wangechaguliwa kupeleka uamuzi huo Nairobi kwa watu wa serikali waliokuwa wakijadiliana na Ulaya. Baba alitaka mkutano ukatae. Na alitaka awe yeye wa kukataa mbele yao wote. Miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya watoto. Nadhani alitamani mara moja asimame mbele ya watu wazima, akiwa na la kusema.

"Utanifasiria vizuri?" aliniuliza.

"Baba, utasema Kiswahili. Mimi nitamfasiria mgeni tu."

"Basi umfasirie vizuri. Usinipunguze."

Mama alibaki nyumbani, maana ng'ombe hawajui mkutano. Sisi tulipanda pikapu ya ushirika, mgeni akaketi mbele, mimi na baba nyuma, tukiteremka kutoka baridi ya Kitale kuingia joto la Bungoma. Nakumbuka baba akivua koti, kisha sweta, kisha akifungua kifungo cha shati, na kila nguo aliyovua aliniwekea mapajani. Pande zote za barabara kulikuwa na mahindi, kisha miwa, kisha mahindi tena. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa bado akihutubia.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kanisa, si mbali na shamba la senge. Yeye mwenyewe alitupokea mlangoni, amejifunga leso, mikono ina harufu ya mishiri.

"Kaka! Umekuja kuniua njaa?"

"Nimekuja kukula chakura yako kwanza," baba akasema. Baba akiwa Kitale aliongea kama mwalimu. Akifika Bungoma ulimi wake ulirudi nyumbani, na "l" na "r" zikaanza kubadilishana viti.

"Kuku iko. Lakini wewe ukisema hapana leo, utakula ugali na chumvi, bana."

Watu walijaa. Wakaketi wamechanganyika, wa maziwa na wa mishiri, wa miwa na wa mahindi. Mgeni alisimulia habari za kisiwa chake, nami nikafasiri. Niliogopa mno kumpunguza hivi kwamba kila sentensi yake moja ilitoka kwangu ikiwa mbili. Hata hivyo watu walisikiliza. Alipofika kwenye mjukuu na kopo, mzee mmoja alipiga ulimi na kutikisa kichwa.

Kisha akasimama mwendeshaji wa mkutano, kijana nadhifu aliyetumwa kutoka Nairobi. Alisema hataki mkutano wa kunyoosha mikono, maana mikono hunyooshwa kwa uvivu. Anataka watu waamue kwa miguu. Wanaotaka nchi itie sahihi wasimame ukuta wa madirisha. Wasiotaka wasimame ukuta wa mlango. Kila upande utachagua msemaji wake miongoni mwa waliosimama pale, upande wa pili utauliza maswali, na atakayebadilisha mawazo atavuka.

Ofisini nilikuwa nimeuwazia mpango huo kwa siku kadhaa. Je, kuna mgonjwa wa miguu? Je, ukuta wa madirisha utakuwa na jua kali? Yule kijana naye, nina hakika, alikuwa ameufanya Nairobi na mahali pengi, na ukaenda vizuri.

Baba aliinuka wa kwanza. Alitembea mpaka ukuta wa mlango kwa hatua za gwaride, akageuka, akaweka mikono nyuma. Watu wa maziwa wakamfuata. Senge na wenzake wakaenda madirishani wakicheka na kusukumana. Viti vikabaki vitupu katikati.

Si vyote. Nyuma kabisa alikuwa bado ameketi bibi mmoja, ambaye alikuwa amechelewa na kuingia wakati macho yetu yote yalikuwa kwa mgeni. Sasa aliinuka polepole, akaegemea fimbo, akaelekea ukuta wa mlango. Alikuwa kukhu, nyanya yangu, mama yake mama, kutoka Bokoli. Alikuwa na ng'ombe wake wawili na kikundi cha akina mama wa maziwa. Kiongozi wao alikuwa ameugua, kwa hiyo kukhu akaja kuwaongoza badala yake, na sisi wa Kitale hatukuwa na habari.

Kwa msomaji asiye wa kwetu, lazima niseme hapa kwamba mwanamume wa Kibukusu wa rika la baba hasimami karibu na mama mkwe wake. Hampi mkono. Hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani, na kama lazima waongee, huongea kupitia mtu wa tatu, kila mmoja akitazama kwingine. Si chuki, ni heshima, na kubwa. Baba alikuwa akimheshimu kukhu hivyo tangu alipomwoa mama. Sikuwa nimewahi kuwaona chini ya paa moja.

Kukhu akafika ukuta wa mlango. Baba akamwona. Hapo hakukuwa na njia nyingine. Alishusha macho, akazunguka viti kwa mbali, akatembea upande wa pili, akasimama kati ya dada yake na dirisha.

"Mzee," kijana wa Nairobi akasema kwa furaha, "mbona umehama upesi hivyo?"

"Nimebadilisha mawazo," baba akasema, akitazama nje.

Ukumbi ulijikaza usicheke. Lakini kukhu hakuwa mama mkwe peke yake mle ndani. Kikundi chake cha Bokoli kilikuwa kimeoza mabinti kila pembe ya Bungoma, na kikundi chote kilikuwa kimesimama pale mlangoni. Mwanamume mwingine akatazama, akashtuka, akavuka. Kisha mwingine, akijifunika uso kwa kofia kana kwamba anapangusa jasho. Kisha mwingine tena. Kijana wa Nairobi alikuwa aking'aa, hajawahi kuona mkutano unaobadilisha mawazo kabla ya kuanza.

Mgeni akaniinamia. "Yule bibi amewafanya nini?"

Nilimweleza nilivyoweza, kwa kunong'ona. Akanitazama, akamtazama kukhu, kisha akasema, "Kwetu tungemhitaji."

"Karibu, kaka," senge alikuwa akisema, "hapa ni kwa mishiri. Nikupee leso ujifunge?"

"Nyamaza, wewe."

Mimi nilimtazama baba na moyo ukaniuma. Msemaji wa kukataa alipaswa kutoka kwa waliosimama mlangoni. Hotuba yake yote, ile ya zizini na ya kwenye pikapu, sasa ilikuwa imesimama ukuta usio wake. Hakuweza kurudi. Na asingeweza kueleza kwa nini, maana kumtaja mama mkwe mbele ya watu kungekuwa kumvunjia heshima kuliko kusimama naye bega kwa bega.

Upande wa mlango wakamchagua kukhu.

Hakutoa hotuba. Alisema, "Mimi sina maneno mingi. Niulizeni."

Ukumbi ukangoja. Ndipo sauti ya baba ikatoka dirishani, mgongo wake ukiwa umetugeukia nusu. "Wewe graduate. Muurize msemaji wa upande ile. Ng'ombe ya Ulaya, serikali yao inaisaidia, ama haiisaidii?"

Nilisimama katikati. Kila mtu alikuwa amesikia, na kukhu masikio yake yalikuwa mazima. Lakini nilijua kazi yangu, kwa hiyo nikageuka, nikamwuliza kukhu kile alichokwisha kukisikia. Nilitumia muda kuamua kama niseme kwa sauti ya baba au kwa yangu.

Kukhu alitazama dari. "Mume wangu," akaniambia, maana hivyo ndivyo bibi wa kwetu anavyomwita mjukuu wake wa kiume, "mwambie anayeuliza. Ng'ombe ya huko inalipwa na serikali hata ikiwa imelala. Yangu ikilala, inalala njaa."

Upande wa mlango wakapiga makofi. Nikageuka nikamfikishia baba, kisha nikamgeukia mgeni kwa Kiingereza, na jasho likanitiririka.

"Muurize tena," baba akasema. "Hiyo maziwa ya unga ikikuja, bei itakuwa chini siku ngapi? Wakulima wa hapa wakiisha uza ng'ombe, bei haitapanda?"

Akina mama wa mishiri wakaguna. "Lakini huyu mzee anauliza aje? Anawapatia majibu!"

"Kaka, uko upande gani wewe?"

"Si niko hapa? Huoni nimesimama na wewe? Nauriza tu. Si tumeambiwa tuurize?"

Kukhu akajibu kwamba mtu akitaka shamba lako anaanza kwa kukupa ugali bure. Makofi tena. Mgeni alikuwa ameshika mdomo. Nami nikaelewa polepole, kama ninavyoelewa mambo yote, kwamba nilikuwa nikiisikia hotuba ya baba. Ilikuwa imekatwa vipande. Kila kipande kilivishwa alama ya kuuliza, kikapitishwa kwangu, kikamfikia kukhu, naye alikimalizia. Walikuwa wakihutubia pamoja bila kutazamana.

Kisha senge akasema, si kwa ukumbi, bali kwa ndugu yake, kwa sauti ya jikoni. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Ukishinda, mimi nitapanda nini?"

Akaonyesha nyuma yake kwa kidole gumba.

"Hao akina mama uliowaona hapa nyuma yangu, banda ya kupakia tulijenga na mikono. Tulibeba mawe na kichwa. Huyo mzungu akiacha kununua, nitawaambia nini? Nitawaambia kaka yangu alikuwa na maswali mazuri?"

Kama baba angekuwa ukuta wa mlango, angekuwa mbali na maneno hayo, na senge angeyapiga kelele kuvuka viti, nayo yangegeuka kuwa ya kushindana. Lakini bega lake lilikuwa limegusa la dada yake. Kulikuwa na jogoo kwenye ua wa kanisa, akitembea kwa majivuno, na baba alimfuata kwa macho mpaka akapotea nyuma ya ukuta. Kijana wa Nairobi alianza kutazama saa.

"Graduate," baba akasema hatimaye, na sauti haikuwa ile ya maswali ya mwanzo. "Muulize yule mama. Kama maziwa ingebaki nje ya hiyo mkataba, yaani ushuru wake ukae vile uko, yeye angekubali mishiri iende?"

Kipande hiki hakikuwamo kwenye hotuba. Nilikuwa nimeisikia hotuba nzima zizini, hakikuwamo. Nikamgeukia kukhu.

Alihamisha fimbo kutoka mkono huu hadi huu. Watu wa upande wake walimtazama, maana walikuwa wakishinda.

"Mwambie," akasema, "mimi sijawahi kukosana na maharagwe. Hata na hii meno yangu, mishiri naweza."

Ukumbi ulicheka mpaka mabati yakaitika. Kijana wa Nairobi akainua mikono akisema kwamba jibu ni ndiyo au hapana, hakuna ukuta wa katikati. Ndipo mgeni akaomba kusema. Alisema upo. Kila nchi inaruhusiwa kutaja bidhaa chache zitakazobaki nje, zilindwe, lakini nafasi ni finyu na kila mwenye nguvu anaigombea: wa sukari, wa ngano, wenye viwanda. "Kwetu," alisema, "watu wa maziwa walikuja kuuliza habari za nafasi hizo baada ya wenye nguvu kuzijaza. Walikuwa wamekaa wakibishana ndiyo na hapana."

Nilifasiri maneno hayo bila kuyaongeza hata kidogo.

Basi watu wakaziacha kuta, wakarudi vitini, wakaongea kama watu wa kwetu wanavyoongea, wote kwa pamoja. Ikakubaliwa kwamba nchi itie sahihi ili mishiri iende, lakini maziwa yabaki nje. Wakachagua wajumbe wawili wa kwenda Nairobi: mwenye swali na mwenye jibu. Makofi yakapigwa, baba akaanza kutabasamu akiwa bado amelielekea dirisha.

Mzee mmoja akakohoa. "Lakini gari si ni moja?"

Makofi yakafa. Gari lilikuwa moja, safari ya siku nzima, na huko Nairobi meza ingekuwa moja.

Baba alisema haraka, kabla mtu hajalazimika kumwambia, "Mimi nina ng'ombe ya kukamua. Dada yangu aende."

Wakaenda senge na kukhu. Sisi tulirudi Kitale kwa pikapu ileile. Kadiri tulivyopanda, ndivyo baba alivyozidi kuzirudia nguo zake, kifungo, sweta, koti. Nilitafuta neno la kumwambia. Nilipata mengi, nikayapima, nikayaona yote hayafai.

"Uliifasiri vizuri," akasema yeye, karibu na Kitale.

Wiki na miezi ikapita, kibarua changu kikaisha. Mwisho wa mwaka, kampeni za uchaguzi zikiwa zimepamba moto, redio ikatangaza kwamba nchi yetu na jirani zake zimetia sahihi za mwanzo. Baba hakuwa akisikiliza wagombea tena, alikuwa akingoja bei na mikataba. Haikutaja kilichobaki nje. Siku kadhaa alikamua kimya, hakuwasemesha ng'ombe, na wao wakawa wasumbufu. Nilikwenda ofisini kuuliza, nikarudi na habari: maziwa yamo kati ya vitu vilivyobaki nje. Ni akina nani waliosikilizwa Nairobi sijui. Wenye viwanda vya maziwa nao walikuwa wamepiga kelele, na kelele zao huenda mbali kuliko za Bokoli. Nilitaka kumweleza baba hilo pia, kwa haki. Nilipouona uso wake nikaliacha.

"Nenda Bokoli," akaniambia. "Kesho. Mtu asimwambie kabla yako."

Naukumbuka wakati ule kuliko hata siku ya mkutano, labda kwa sababu ya yaliyofuata. Muda mfupi baadaye, uchaguzi ulipoharibika, watu wa sehemu zetu waligawanywa tena pande mbili, na safari hiyo hakukuwa na mama mkwe wa kumfanya mtu avuke. Lakini asubuhi ile niliyokwenda Bokoli njia zilikuwa wazi, na kila niliyempita alinisalimu "mulembe," nami nikaitika bila kuwaza.

Kukhu alikuwa akichambua mboga uani. Nikamwambia. Aliendelea kuchambua.

"Yeye alisema nini?"

"Alisema nije nikuambie, kukhu."

"Mm." Akatupa kijiti. "Basi mume wangu, na wewe umwambie hivi. Ile swali yake ya mwisho ilikuwa ya mwanamume. Zile za kwanza nilikuwa najua majibu yake kabla yeye azaliwe. Asidhani alikuwa ananisaidia."

Njia nzima ya kurudi niliwaza kama sehemu ya pili ni ya kufikishwa. Heshima inamtaka mjumbe afikishe lipi, aache lipi? Nilimkuta baba zizini, jioni, ameinamia ndoo iliyokwisha kuanza kujaa. Nikampa ujumbe wote, kama ulivyotoka, bila kupunguza.

Alisimamisha mikono. Halafu akacheka. Alicheka akiwa amekaa vilevile kwenye kigoda, paji la uso limeegemea ubavu wa yule ng'ombe mweusi, akacheka mpaka ng'ombe akaacha kutafuna na kugeuza shingo kumtazama.